Kichwa cha Doa Hakihami

Asubuhi niliyoondoka Runazi sikuwa na safari. Nilikuwa nimeamka, nimenawa, nimetazama mihogo ya dada yangu iliyoanikwa juu ya turubai, nikaona sina la kuifanyia zaidi ya kufukuza kuku. Nikavaa koti.

"Kaka, unakwenda wapi na koti?" dada akauliza.

"Nanyoosha miguu."

"Miguu yako ikinyooka huwa inafika Ngara," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Alinijua. Nilikuwa mtu mzima tayari, mvi za kwanza zimetoka, na tangu nilipoacha shule ya msingi kabla ya kuimaliza hakuna kazi iliyowahi kunichosha. Mimi ndiye niliyezichosha. Nilikuwa nimechoma mkaa, nimepakia ndizi, nimekuwa utingo wa malori ya Kabanga, nimechimba vyoo kwenye kambi za wakimbizi. Siku hiyo nilipata lifti ya lori la mbao, nikashuka Biharamulo mjini kwa sababu tu dereva alisimama kunywa chai.

Karibu na boma la zamani kulikuwa na nyumba ya kupanga ambamo watu walikuwa wanaingiza makasha. Mama mmoja mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, alisimama mlangoni akiwafokea wapagazi. Nikasimama kutazama, maana kutazama ndiko kipaji changu pekee. Aliponiona akasema, "Wewe mwenye koti, shika hii, usiitikise." Nikashika. Nikauliza ni nini. Akasema kompyuta. Nikauliza ya nini. Akasema ya kutazamia ziwa. Nikauliza kwa nini mtu atazame ziwa kwa kompyuta na ziwa lenyewe lipo.

"Ukiuliza swali la nne," akasema, "utakuwa umeajiriwa."

Nikauliza la nne.

Nawaandikia ninyi mnaobaki kazini kwa sababu mmeniomba, na kwa sababu vitabu vya mafunzo mlivyopewa vinaeleza vizuri kila kitu isipokuwa harufu. Habari za vyeo na mishahara mtazisoma penginepo. Mimi nitasema jinsi kazi ilivyoanza, zana nilizotumia, na jambo moja ambalo hadi leo nikilikumbuka natazama nyuma.

Yule mama aliitwa Leokadia, Mhangaza wa Ngara, aliyekuwa amefanya kazi ya hali ya hewa kabla ya mradi wetu. Ndiye aliyenifundisha. Kazi ilikuwa kubaini mafuta yaliyomwagika ziwani, mbali na ufukwe, ambako hakuna mtu wa kuona: chombo kinachoosha tumbo lake usiku, pipa lililopasuka, injini inayovuja. Picha zilitoka kwenye setelaiti. Siku ya kwanza aliniwekea moja mbele yangu, nikamwambia mashine yake ya kuchapia imeishiwa wino. Ilikuwa ya kijivu na mabaka meusi. Hakucheka. Akaniambia niketi.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza hivyohivyo. Setelaiti yenye rada hupita juu yetu alfajiri na kutupa mawimbi ya redio chini, kama mtu anayerusha mpira ukutani. Maji yenye vijiwimbi huurudisha mpira, hivyo kwenye picha yanatoka ya kijivu. Mafuta yakitanda juu ya maji huvilaza vile vijiwimbi. Mpira unateleza, unakwenda zake, haurudi, na mahali pale panatoka peusi. Rada haijali mawingu wala giza.

"Lakini kumbuka," alisema, "rada haioni mafuta. Inaona maji yaliyolala. Na maji yanalazwa na mengi."

Upepo ukikosekana, ziwa lote jeusi. Mvua kubwa, jeusi. Magugu, jeusi. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kwa makundi kama moshi wakifia majini, jeusi pia. Kazi ya Mama Leokadia ilikuwa kushuku, na yangu ilikuwa kwenda kuhakikisha. Niliwahi kufuata baka jeusi kwenye ziwa kubwa kwa mtumbwi wa kukodi, nikarudi na taarifa ya neno moja, wadudu, na wengine bado wako masikioni.

Zana zangu zilikuwa chache. Simu yenye ramani. Chupa za kioo, siyo za plastiki, maana mafuta huikamata plastiki na huko maabara wataipima chupa badala ya maji. Vitambaa vyeupe vya pamba vya kuburuta juu ya maji. Sahani nyeupe ya bati. Na fimbo. Msiidharau fimbo. Kwenye mafunjo utakuta utando wenye rangi za upinde wa mvua, utaruka kwa furaha kwamba umepata mafuta. Uchome kwa fimbo. Ukivunjika vipande kama kigae na vipande visirudiane, hiyo ni kutu ya kinamasi, Mungu ameiweka mwenyewe. Ukifunguka kisha ukajifunga tena nyuma ya fimbo kama vile hukuugusa, hayo ni mafuta, na kuna binadamu wa kuulizwa.

Jambo jingine: usimwambie mtu kwamba unatafuta mafuta. Sema unapima maji. Nilipolisema la kwanza kwenye mwalo mmoja wa kuegesha mitumbwi, nilivyorudi nilikuta mzee ameshachomeka miti ya mpaka wa shamba lake ndani ya ziwa, mafuta yakipatikana yawe yake.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Kuna ziwa dogo limelala kati ya vilima vya Biharamulo na vya Ngara. Jina silitaji, wenyeji wamechoka kuulizwa. Halikuwa sehemu ya kazi yetu. Lilitokea tu kwenye pembe ya picha zetu, na Mama Leokadia alikuwa na tabia ya kutazama pembe. Asubuhi moja akaniita.

"Anaseli, njoo uone kamba."

Ilikuwa kamba kweli: mstari mwembamba mweusi, umeanzia katikati ya maji mahali pasipo na kitu, ukaenda umejipinda kidogo hadi karibu na ufukwe. Nikasema labda kuna chombo kimepita. Akasema kwenye ziwa lile hakuna chombo kinachozidi mtumbwi. Akanituma.

Nilifika, nikazunguka kwenye mafunjo ya mwalo, nikaona utando wa rangi, nikauchoma, ukavunjika kama kigae. Nikampigia simu: kutu ya kinamasi, narudi.

"Kutu ya mafunjo hukaa kwenye mafunjo," akasema. "Kamba yangu inaanzia katikati. Umefika katikati?"

Sikuwa nimefika. Watu wa mwaloni walikuwa wameniambia mitumbwi yote imetoboka, nami nikawaamini.

Picha zikaendelea kuja. Akaziweka moja juu ya nyingine kwenye kioo cha kompyuta, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Mkia ulicheza, siku nyingine mrefu, siku nyingine umekatika. Lakini mwanzo wake ulikuwa palepale, katika kila picha, kama bendera inayopepea huku mlingoti umesimama.

"Usitazame mkia," akasema. "Mkia ni wa upepo. Kichwa cha doa hakihami. Kichwa ni cha mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Si ndilo unaloendea?"

Kisha akaivua miwani. Alikuwa ameona jambo jingine ambalo hakulipenda. Mkia ulicheza, ndiyo, lakini mwisho wake haukucheza sana. Kila alfajiri uliishia kwenye mwalo uleule, chini ya nyumba ileile moja ya bati iliyojitenga na nyingine. "Ni upepo wa alfajiri," akasema. Baada ya muda akarudia, "Ni upepo tu," kana kwamba kuna mtu chumbani aliyebisha.

Safari ya pili nilifika mwaloni jua limetoka kidogo. Mwanamke wa makamo ya miaka thelathini na kitu, kitenge cha njano, alikuwa anapandisha ndoo. Akaitua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Wewe ndiye unayepima maji?"

"Ndimi."

"Basi pima na haya."

Akanisogezea ndoo. Nikainama, na kabla pua haijafika nikasikia. Dizeli. Siyo nyingi, kama shati la fundi lililofuliwa likabaki na ukaidi wake.

"Unasikia?" akaniuliza. Alikuwa ananitazama mdomo.

"Nasikia."

Akaketi chini palepale kwenye matope. "Wewe ni wa kwanza," akasema. "Nimewaambia asubuhi ananukia, ananukia mpaka jikoni. Jirani akaniletea maji ya baraka."

Aliitwa Generoza. Anayenukia alikuwa mumewe, Deo, mvusha mizigo wa ziwa lile. Katika mvua zilizopita Deo alikwenda ng'ambo kuchukua injini ya mashine ya kusaga ya Mzee Ladislaus, iliyokuwa imetengenezwa Biharamulo mjini, pamoja na madumu ya dizeli yake. Watu wa ng'ambo walimwona akipakia na kuondoka. Huku hakufika. Hakikuonekana kipande cha mbao, kasia, wala kofia.

Deo alizaliwa hapahapa wilayani, lakini wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakati wa vita, na mtu wa namna hiyo akipotea watu hawatafuti majini. Wanasema karudi kwao. Mzee Ladislaus alisema kauza injini Kabanga, mpakani na Burundi. Baada ya hapo Kabanga ikaanza kumwona. Dereva mmoja alimwona sokoni. Mwingine alimwona na koti jipya. Hadi habari zinanifikia mimi, Deo alikuwa na koti, viatu vya ngozi na mke wa pili. Watoto wake shuleni walikuwa wanaitwa watoto wa injini.

"Kwa nini usifanye matanga?" nikamwuliza.

Akanieleza. Kwao mtu aliyepotea bila mwili anaweza kuzikwa kwa mgomba: unakatwa shina la mgomba, linavikwa nguo yake, linateremshwa kaburini kwa sala zote. Lakini sharti iwe hakika amekufa. Ukimzikia mgomba mtu aliye hai, popote alipo anaanza kuoza. Wazee walikataa. Aliyekataa kuliko wote alikuwa mama yake Deo, anayeishi Kabanga, kwa sababu huko kila wiki anaambiwa mwanawe ameonekana.

"Kwa hiyo mimi si mjane wala si mke," Generoza akasema. "Nikivaa nyeusi namuua. Nisipovaa, nimeachwa na mwizi. Baba, hicho unachopima kitanipa kipi?"

Nikamwambia sijui. Lilikuwa jibu la kweli na halikufaa kitu.

Mtumbwi nilipewa na Projestus, mvuvi mrefu mwenye maneno mengi, ambaye mtumbwi wake ulipona tundu ghafla Generoza alipomtazama. Tulipiga kasia, nikifuata ramani kwenye simu. Upepo ulikuwa mwepesi, maji yote yana vijiwimbi. Mbele yetu nikaanza kuona mstari wa maji yaliyolala. Projestus akageuza mtumbwi.

"Nyoosha," nikamwambia.

"Pale hatupiti."

"Kwa nini?"

"Pamelala."

"Nini kimelala?"

"Wewe mzee unauliza sana, ndiyo maana huna mke."

"Nani kakwambia sina mke?"

"Koti lako."

Alitania, lakini jicho halikuwemo kwenye utani. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba pale maji yamelala, na penye maji yaliyolala kuna mwenye maji, na juu ya aliyelala hupigi kasia. Mitumbwi yote hupazunguka. Wala hapazungumzwi, maana kumtaja aliyelala ni kumgusa bega.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mvua zile."

"Zile alizopotea Deo?"

Kasia likasimama. Nilimwona akifikiri, na nilimwona akifika. "Hatukuyaweka pamoja hayo mawili," akasema.

Hilo ndilo kosa, na siwezi kuwalaumu. Ziwa zima lilijua kwamba mtu hayupo, na ziwa zima lilijua kwamba kuna mahali pamelala. Lakini la pili halisemwi, na jambo lisilosemwa haliwezi kukaa karibu na jambo jingine.

Alikubali kunisogeza hadi ukingoni tu. Nimeona madoa mengi, mengine marefu kuliko ziwa lile zima. Lile pekee ndilo lililonifanya nizungumze kwa kunong'ona. Vijiwimbi vilikuja kutoka pande zote, vikifika pale vinakoma, kama watu waliofika kwenye mlango wa nyumba yenye msiba. Mnandi, yule ndege mweusi wa ziwani, alipita akiwa chini, akakaribia, akapanda juu, akavuka, akashuka tena. Nikatazama kwenye maji meusi. Kutoka chini likaja tone, dogo, la mviringo, halina haraka. Likafika juu, likafunguka, likawa bluu, kisha zambarau, kisha likatanda, likawa si kitu. Nikangoja. Likaja jingine mahali palepale. Halafu jingine. Mtu akikwambia kitu kilichoko chini hakipumui, mpeleke akatazame pale.

Nikachoma kwa fimbo. Utando ukafunguka, ukajifunga. Nikaburuta kitambaa, kikatoka na rangi ya chai, na harufu ya ndoo ya Generoza.

Ndipo Projestus akanigusa mkono. Alikuwa anatazama nyuma yetu. Maji yaliyolala yalikwenda kama njia, yamenyooka kutoka kwenye mtumbwi hadi mwaloni, na pale yalipogusa nchi kavu alikuwa amesimama Generoza na kitenge chake cha njano, mdogo kama punje. Hakuwa amesogea tangu tulipomwacha. Upepo wa alfajiri, nikajisemea. Ni upepo tu.

Mama Leokadia alikuja mwenyewe na gari la mradi. Akaketi mwaloni, kompyuta juu ya beseni lililofunikwa, akawaita wazee, wavuvi na Mzee Ladislaus, akawaonyesha picha zote, akiwawekea kidole kwenye kichwa cha doa. Aliwaeleza rada kwa Kihangaza na Kiswahili, wakamwelewa. Shida haikuwa kuelewa. Polisi wawili waliokuja walikuwa tayari, kamba na nanga za kuburuta zilikuwa tayari, lakini hakuna mvuvi aliyeshika kasia.

"Mama, tumekuelewa vizuri sana," Projestus akamwambia. "Ndiyo maana hatuendi."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Generoza akapita katikati yao, akaingia kwenye mtumbwi wa Projestus, akaketi.

"Mnasema pale kuna aliyelala," akasema. "Kama ni mume wangu, nimelala naye miaka yote. Siogopi kumwamsha."

Mzee Ladislaus alikuwa wa kwanza kuingia majini kusukuma mtumbwi, na viatu vyake. Projestus akamfuata na kasia.

Nanga ilikamata mara ya tatu au ya nne, sikumbuki vizuri. Kwanza likapanda dumu la njano, limebonyea, limepasuka mshononi, linatoa yale matone yake. Lilikuwa limefungwa kamba. Generoza aliishika ile kamba kabla ya mtu mwingine. Ilikuwa ya katani iliyosokotwa pamoja na vipande vya kitenge. "Nimesokota mimi," akasema. "Hiki ni cha harusi ya dada yangu."

Sasa lazima niwaambie desturi ya wavusha mizigo wa ziwa lile, maana nami niliijua siku hiyo. Wengi hawajui kuogelea. Anayevuka hujifunga kiunoni kwa kamba ya mtumbwi. Haimwokoi, na wala hawadhani inaokoa. Mtumbwi ni mbao, utaelea, utarudi ufukweni siku moja, na mtu atarudi nao, watu wake wapate wa kuzika. Ndivyo walivyofanya baba zao. Lakini baba zao hawakubeba injini. Ile ya Mzee Ladislaus ilikuwa chuma kitupu, na Deo, kwa kuwa ilikuwa mali ya mtu, aliikaza kwenye mbao za mtumbwi isiteleze. Mtumbwi ulipojaa maji, chuma kiliushika mtumbwi, mtumbwi ukamshika yeye.

Waliivuta kamba kwa mitumbwi miwili. Alikuwa mwisho wake, kiunoni, fundo halijalegea. Sitaeleza zaidi. Generoza alimfunika kwa kitenge chake cha njano, na njia nzima ya kurudi aliweka mkono juu yake, kama mtu anayezuia kitu kisipeperuke.

Mzee Ladislaus alivua kofia. "Injini iacheni humo," akasema. "Siitaki."

"Hapana, mzee," Mama Leokadia akamjibu, kwa upole ambao sisi wa ofisini hatukuujua. "Ikibaki itaendelea kuvuja, na mimi nitaendelea kuiona."

Ikatolewa kesho yake, kwa kamba, kwa wanakijiji wote. Picha iliyofuata ziwa lilikuwa la kijivu kutoka pembe hadi pembe. Mama Leokadia aliitazama muda mrefu kuliko alivyozitazama zile zenye doa.

Polisi waliandika yao, daktari wa wilaya akaandika yake, Deo tukambeba kwenye jeneza hadi chumba cha maiti, lakini hakuzikwa. Wazee walisema huwezi kumzika mtu ambaye mama yake bado anamtandikia kitanda. Nikasema apigiwe simu.

"Kifo hakiendi kwa simu, baba," Generoza akasema. "Aliyeona ndiye anayesema. Ni wewe."

"Mimi si ndugu."

"Ndugu ndio waliomwambia yuko hai."

Mkataba wangu ulikuwa umebakiwa na siku chache, umri umefika, na barua ya kuagwa imeshaandikwa. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyotumwa, na haimo kwenye orodha ya kazi za mradi. Mama Leokadia alinisindikiza hadi kwenye basi. Nilikuwa nimechukua picha moja nimeikunja mfukoni. Akanyoosha mkono nimpe.

"Usimweleze rada," akasema. "Jibu atakachouliza tu."

Basi likapita Lusahunga, likapita Benako, likapanda vilima. Kabanga niliijua tangu ujana wangu wa utingo, lakini niliijua kama utingo anavyojua mahali: maegesho, mama ntilie, geti la mpaka. Nyuma ya pale sikuwahi kwenda. Nilimwuliza kijana mmoja wa kubadilisha fedha, anayeuza faranga za Burundi, kama anamjua mama yake Deo, mvusha mizigo wa Biharamulo.

"Bibi Imakulata? Panda njia hii, nyumba ya mwisho kabla ya mikaratusi." Kisha akaongeza kwa furaha, "Deo mwenyewe nimemwona juzi. Alipita hapo, mchana, amevaa koti. Nikamwita, hakugeuka."

Nilimtazama. Hakuwa mwongo. Alikuwa na macho mazuri na roho nzuri, na alikuwa amemwona. Mimi nilikuwa nimebeba upande mmoja wa jeneza la Deo. Nilimshukuru, nikapanda njia, na sikugeuka kutazama nani anapita sokoni.

Bibi Imakulata alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Ng'ambo ya bonde vilima vya Burundi vilikuwa vimeanza kuwa vya bluu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu." Akatazama vumbi la viatu vyangu. Akaingia ndani, akaniletea maji ya kunywa, kisha ya kunawa, akarudi kwenye ungo wake. Hakuniuliza jina. Nikakaa kwenye kigoda.

Akasema, bila kuinua macho, "Watu wanaomwona hawaji huku juu. Wananiambia palepale sokoni, wanacheka, wanaondoka. Wewe umepanda."

"Nimepanda, mama."

"Umetoka kwa Generoza."

"Ndiyo."

Vidole vyake vikasimama juu ya maharage. "Niambie moja tu. Alikuwa anakwenda, au alikuwa anarudi?"

"Alikuwa anarudi, mama. Mzigo wote ulikuwemo."

"Na injini?"

"Aliifunga asiipoteze. Ilikuwa palepale alipoifunga."

"Kwa hiyo hakuuza."

"Hakuuza."

"Mwana wanje," akasema kwa lugha ya kwao, mwanangu, na hakuwa anasema na mimi. Akaupepeta ungo mara moja, makapi yakaenda na upepo, akauweka chini. Alipoinuka alishikilia ukuta.

"Leo hakuna gari," akasema. "Kesho tutashuka wote. Utalala hapa."

Akafungua chumba cha pembeni. Kilikuwa kidogo, kimefagiliwa, kina kitanda cha mbao kilichotandikwa shuka la maua lililokazwa pembe zote. Kwenye msumari ilining'inia suruali nyeusi ya kanisani. Akaitoa kwenye msumari, akaikunja juu ya mkono wake, akalainisha mkunjo mmoja ambao mimi sikuuona.

"Shuka ni safi," akaniambia. "Nilikuwa nalibadilisha kila Jumamosi. Lala tu, baba. Usiogope, kitanda hakina mtu."

Akarudishia mlango. Nikavua koti, nikavua viatu, nikajinyoosha pale palipotandikwa kwa ajili ya mwingine. Upande wa pili wa ukuta nilisikia chuma kikiwekwa juu ya jiwe, kisha pumzi yake, taratibu, mara kwa mara, akipuliza mkaa wa pasi.